Sikio la Sungura: Jinsi Ilivyogunduliwa kwamba Neva Huitawala Mishipa ya Damu

Ikiwa unaishi katika nchi za baridi, iwe ni Uingereza, Sweden au majimbo ya kaskazini ya Marekani, bila shaka umewahi kuliona jambo hili bila ya kulitilia maanani. Unatoka nje asubuhi ya mwezi wa Januari, mikono haina glovu, na baada ya dakika chache vidole vinapauka na kufa ganzi. Unarudi ndani, unakaa karibu na joto, na damu inarejea kwa nguvu hadi vidole vinawasha. Naye aliyeko Maskati mwezi wa Julai huona kinyume chake: uso umeiva, na mishipa ya mikono imejaa na kutokeza juu ya ngozi. Moyo ni ule ule na damu ni ile ile. Kilichobadilika ni upana wa mishipa, na upana huo kwa sehemu kubwa huamriwa na nyuzi nyembamba za neva zitokazo katika uti wa mgongo na kuifuata mishipa ya damu kila inapokwenda.

Neva hizo wataalamu huziita neva za simpathetiki, na jina hilo lina kisa chake. Matabibu wa kale, tangu enzi za Galen wa Pergamo, waliamini kwamba viungo vya mwili huhurumiana: kimoja kikiumwa, kingine hushiriki maumivu yake. Mwaka 1732 Jacques-Bénigne Winslow, mwanaanatomia mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi Paris, aliiita minyororo miwili ya neva iliyoko kandokando ya uti wa mgongo kuwa ni simpathetiki kuu, yaani neva kuu ya kuhurumiana. Baadaye ilidhihirika kwamba huruma ndani yake ni haba, kwani kazi yake hasa ni kuamrisha, lakini jina limebaki hadi leo.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1727, François Pourfour du Petit, aliyekuwa tabibu katika majeshi ya Mfalme Louis wa 14, aliwaeleza wanachuo wa sayansi wa Paris yale aliyoyaona alipoikata neva hiyo shingoni mwa mbwa. Mboni ya jicho ilinywea, jicho likadidimia, na utando wake ukawa mwekundu. Wekundu ule ulikuwa ni damu iliyofurika katika mishipa iliyotanuka. Petit aliuona na kuuandika, lakini haja yake ilikuwa nyingine: alitaka kujua neva ile inatoka wapi na kuelekea wapi. Basi jibu likakaa katika karatasi zake kwa zaidi ya miaka 120 bila ya kuwako mtu wa kuliuliza swali.

Mtu huyo alikuwa Claude Bernard. Alizaliwa tarehe 12 Julai mwaka 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, kwenye mashamba ya mizabibu yaliyo kaskazini ya mji wa Lyon. Ujanani aliajiriwa katika duka la dawa, na saa zake za mapumziko alizitumia kuandika michezo ya kuigiza. Mwaka 1834 alikwenda Paris na tamthilia yake mkononi akampelekea mhakiki mashuhuri, Saint-Marc Girardin. Mhakiki aliisoma, kisha akamshauri kijana huyo ajifunze kazi itakayompatia riziki, udaktari kwa mfano. Huenda hakuna mhakiki wa fasihi aliyeitendea tiba hisani kubwa kuliko huyo.

Mwishoni mwa mwaka 1851 Bernard alikuwa akifanya kazi katika Collège de France, katika chumba chenye unyevu na giza ambacho wageni walishangaa kukiona. Swali lililomshughulisha lilikuwa joto la mwili. Wataalamu wa zama zile walidhani kwamba neva ndizo zinazochochea moto wa kikemia ndani ya viungo. Kwa hesabu hiyo, ukiikata neva iendayo kwenye kiungo, kiungo hicho hakina budi kupoa. Bernard alimchagua sungura, mnyama ambaye sikio lake ni refu na jembamba, na mishipa yake huonekana kwa macho ukiliinua kwenye mwanga. Akaikata neva ya simpathetiki upande mmoja wa shingo, akangojea sikio lipoe.

Halikupoa, bali lilipata joto. Mishipa iliyokuwa kama nyuzi ilivimba ikajaa damu, mingine ambayo haikuonekana kabla ikajitokeza, na tofauti ya joto baina ya sikio moja na la pili ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu aliweza kuihisi kwa vidole vyake, bila ya kuhitaji kipimajoto. Bernard aliliarifu kwanza baraza la wanabaiolojia la Paris, kisha mwezi wa Machi 1852 akawaarifu wanachuo wa sayansi.

Hapa ndipo ninapomstahi Bernard kuliko katika ugunduzi wenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1865 kuhusu misingi ya tiba ya majaribio, alikiri kwamba nadharia yake ilikuwa batili kabisa, na kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa ameikata neva ile ile, akichunguza mboni za macho, wala asilione joto la sikio lililokuwa mbele yake. Hakuliona kwa kuwa hakuwa akilitafuta.

Hata hivyo, msikilizaji, kuona si kueleza. Bernard aliling'ang'ania joto. Alikubali kwamba mishipa imetanuka, lakini alisita kusema kwamba kutanuka huko ndiko sababu yote ya joto kuzidi. Aliyelisema hilo waziwazi alikuwa mtu wa Bahari ya Hindi.

Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, kisiwani Mauritius, mwaka 1817. Baba yake alikuwa nahodha Mmarekani wa Philadelphia aliyepotea baharini kabla mwanawe hajazaliwa, na mama yake, wa asili ya Kifaransa, alimlea kwa kazi ya kushona nguo. Wasikilizaji wa Kilwa na pwani ya kusini wana sababu yao ya kukijua kisiwa hicho. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana na Sultani wa Kilwa mkataba wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, na wengi waliovushwa kutoka pwani yetu waliishia katika mashamba ya Mauritius na Bourbon. Utumwa ulipofutwa huko mwaka 1835, Brown-Séquard alikuwa kijana wa miaka 17, na miaka mitatu baadaye akapanda merikebu kwenda Paris kusomea udaktari.

Mwaka 1852, baada ya Louis-Napoléon kutwaa madaraka yote, Brown-Séquard, ambaye alikuwa mfuasi wa jamhuri, aliondoka Ufaransa akaenda Philadelphia. Kiingereza chake kilikuwa dhaifu. Alijikimu kwa kufundisha Kifaransa na kuzalisha kina mama kwa ujira mdogo. Na huko ndiko alikochapisha, mwezi wa Agosti mwaka huo huo, hoja iliyofunga mjadala. Kama neva ya simpathetiki ndiyo inayoibana mishipa, alisema, basi kuikata ni kama kuukata mkono ulioshika kamba: mishipa hulegea, damu huingia kwa wingi, na damu ndiyo iletayo joto. Ili kulithibitisha, alikichukua kipande cha neva kilichobaki upande wa kichwa akakipitishia umeme. Mishipa ya sikio ikasinyaa, sikio likapauka na kupoa. Umeme ulipoondolewa, damu ikarudi.

Bernard naye alifanya jaribio hilo na kulitangaza mwezi wa Novemba 1852, bila ya kujua kilichochapishwa ng'ambo ya Atlantiki. Mwanzoni mwa mwaka 1853 Mwingereza Augustus Waller, aliyekuwa akifanya kazi Bonn, akaleta matokeo kama hayo. Nani basi apewe sifa? Vitabu vingi vya Ufaransa vimempa Bernard. Mimi naona ni haki kusema kwamba Bernard aliufungua mlango na Brown-Séquard ndiye aliyetueleza chumba ni cha nini. Wawili hao walibishana kwa maandishi, lakini Bernard alipofariki mwaka 1878, na Ufaransa ikamzika kwa heshima za taifa ambazo haikuwahi kumpa mwanasayansi kabla yake, kiti chake katika Collège de France kilikaliwa na mwana wa Mauritius.

Si haki vilevile kulipita kimya suala la wanyama. Majaribio ya zama hizo yalifanywa kwa sungura na mbwa waliokuwa hai, na wengi wao hawakutiwa dawa ya usingizi. Mke wa Bernard, Fanny Martin, ambaye mahari yake ilisaidia kugharimia kazi ya mumewe, aliichukia kazi hiyo, na ndoa yao ikaishia katika kutengana. Yeye na binti zao walikuwa upande wa watetezi wa wanyama.

Baada ya sikio lilikuja jaribio la mwaka 1858, ambalo kwa maoni yangu ni zuri zaidi ingawa halina umaarufu ule. Bernard aliichunguza tezi ya mate iliyo chini ya taya, ambayo hupokea neva za aina mbili. Alipoichochea ile ya simpathetiki, damu iliyotoka katika tezi ilikuwa nyeusi na ya kudondoka. Alipoichochea ile ya pili, damu ilibubujika ikiwa nyekundu, ikidunda kana kwamba inatoka katika ateri moja kwa moja. Kumbe mwili una neva zinazobana na neva zinazotanua. Hata hivyo neva za kutanua zipo katika sehemu chache tu. Sehemu kubwa ya mishipa ya mwili haina mtanuaji wake katika neva: hutanuka pale mbanaji anapolegeza mkono. Neva za simpathetiki hazilali. Hutuma ishara mchana na usiku, na mishipa yetu daima imebanwa kwa kiasi fulani. Bila ya mbano huo mtu asingeweza kusimama wima, kwani damu yote ingeshuka miguuni naye angezirai.

Kilichofuata nitakipitia kwa haraka. Katika maabara ya Carl Ludwig mjini Leipzig, miaka ya 1870, ilionekana kwamba amri ya kubana mishipa hutoka sehemu ya chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo. John Langley wa Cambridge aliipanga mitandao ya neva hizi na mwaka 1898 akaiita mfumo unaojiendesha wenyewe. Na mwaka 1946 Ulf von Euler wa Sweden alionyesha kwamba ncha za neva za simpathetiki huiamrisha misuli ya mishipa kwa kumwaga kemikali iitwayo noradrenalini. Kwa kazi hiyo alipewa sehemu ya tuzo ya Nobel mwaka 1970.

Lakini maarifa haya yalikuwa na uzito gani kwa mgonjwa? Tumtazame mgonjwa mmoja mashuhuri. Tarehe 27 Machi 1944 daktari wa moyo Howard Bruenn alimpima Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, akakuta shinikizo la damu la 186 kwa 108. Vita vilikuwa vimepamba moto, na tiba haikuwa na kitu cha maana cha kumpa rais wa taifa lenye nguvu kuliko yote: mapumziko, chakula kisicho na chumvi, dawa ya kuusaidia moyo. Tarehe 12 Aprili 1945, mshipa ulipopasuka ubongoni mwake huko Warm Springs, kipimo kilifika 300 kwa 190. Alifariki siku hiyo hiyo.

Kwa wagonjwa kama hao wapasuaji walikuwa wamekwisha kuanza kufikiri kama Brown-Séquard. Ikiwa neva ya simpathetiki ndiyo inayobana, kwa nini isikatwe? Huko Boston, kuanzia miishoni mwa miaka ya 1930, daktari Reginald Smithwick aliwapasua wagonjwa mgongoni, upande mmoja kisha wa pili baada ya siku kadhaa, akaiondoa minyororo ya neva kutoka kifuani hadi kiunoni pamoja na neva ziendazo kwenye utumbo na figo. Mwaka 1953 yeye na mwenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,266 waliopasuliwa, wakiwalinganisha na wengine 467 waliotibiwa bila ya kisu. Katika kundi la kwanza, asilimia 19 walikuwa wamefariki baada ya miaka mitano; katika la pili, asilimia 54.

Takwimu hizo zahitaji tahadhari, kwa kuwa wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, na yawezekana waliochaguliwa kupasuliwa walikuwa na nguvu zaidi. Lakini ni vigumu kuzipuuza. Na gharama yake ilikuwa kubwa. Waliopona walikuta kwamba kila waliposimama ghafla kichwa kilizunguka, wengine wakaanguka. Jasho lilikauka sehemu moja ya mwili na kuzidi sehemu nyingine. Wanaume wengi walipungukiwa na uwezo wa unyumba. Mwili ulikuwa umenyang'anywa mkono wake wa kubana, na kisu hakikuwa na njia ya kuurudisha kwa saa moja au mbili pale ulipohitajika.

Ndipo vilipokuja vidonge. Dawa za kwanza, za miaka ya 1950, zilizizuia neva hizo hizo kwa ukali na kuleta madhara yale yale. Moja yao, reserpini, ilitokana na mmea uliotumiwa na matabibu wa India tangu kale. Dawa za kuongeza mkojo zilipofika mwishoni mwa muongo huo, upasuaji wa Smithwick ukawekwa kando.

Kufikia hapo ingekuwa rahisi kudhani kwamba kisa kimekamilika: neva hubana, na zikinyamaza mishipa hutanuka. Sungura mwingine akaiharibu hesabu hiyo. Robert Furchgott alikuwa mtaalamu wa dawa huko Brooklyn, New York, na kwa miaka mingi alifanya kazi na vipande vya ateri kuu ya sungura. Kemikali iitwayo asetilkolini, ambayo ndani ya mnyama aliye hai hutanua mishipa, iliifanya mishipa yake ya maabara isinyae. Mwaka 1978 msaidizi wake alikosea kufuata maagizo ya jaribio, na mshipa ukalegea. Furchgott angeweza kumkaripia msaidizi na kulirudia jaribio. Badala yake aliuliza ni kipi kilichotofautiana. Akagundua kwamba katika kuvitayarisha vipande vyake vya awali, yeye mwenyewe alikuwa akiukwangua utando mwembamba wa ndani ya mshipa, uitwao endothelia. Utando ukiwapo, mshipa hutanuka, usipokuwapo, husinyaa. Aliyachapisha hayo mwaka 1980, na baada ya miaka michache ikajulikana kwamba utando huo hutoa gesi ya oksidi ya nitriki inayoilegeza misuli ya mshipa.

Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998. Wengi walistaajabu kwamba Salvador Moncada, mzaliwa wa Honduras aliyefanya kazi hiyo London, hakutajwa. Na kuna kichekesho cha historia hapo: nitrogliserini, iliyomtajirisha Alfred Nobel kama baruti, hutibu maumivu ya moyo kwa kutoa gesi hiyo hiyo, na Nobel mwenyewe aliandikiwa dawa hiyo na madaktari wake kabla ya kufariki mwaka 1896.

Basi mshipa una mabwana wawili: neva inayobana kutoka nje, na utando unaotanua kutoka ndani. Nani humshinda mwenziwe? Mwaka 1962 Remensnyder, Mitchell na Sarnoff walikuwa wameonyesha kwa mbwa kwamba msuli unapofanya kazi, mishipa yake huwa kama isiyosikia amri ya simpathetiki. Mkimbiaji hupata damu miguuni ingawa neva zake zinapiga kelele. Kwa binadamu ilibidi kwanza ipatikane njia ya kuzisikiliza neva zenyewe. Kazi hiyo ilifanyika Uppsala, Sweden, miaka ya 1960, ambako Karl-Erik Hagbarth na Åke Vallbo walijidunga sindano nyembamba za madini ya tangisteni katika neva za mikono yao wenyewe, wakisikiliza kwa kipaza sauti mvumo wa simpathetiki ukienda sambamba na mapigo ya moyo.

Kisha mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi walilijaribu swali hilo moja kwa moja. Waliubana mkono wa mtu kwa mkanda, wakauachia, wakapima kwa mawimbi ya sauti jinsi ateri inavyotanuka damu inaporudi, jambo ambalo ni kazi ya utando wa ndani. Walipoziamsha neva za simpathetiki wakati huo huo, kutanuka kulipungua sana. Walipotia dawa ya kuizuia noradrenalini, kutanuka kulirudi. Kwa maneno mengine, mtu aliyetulia tuli anaweza kuwa na utando mzima kabisa, na bado mishipa yake isifunguke ipasavyo kwa kuwa neva hazijampa nafasi.

Na kisu nacho kimerudi, ingawa si kisu tena. Mwaka 2009 madaktari walioongozwa kutoka Melbourne, Australia, walieleza jinsi walivyopitisha mrija kutoka pajani hadi ateri za figo, wakaziunguza neva za simpathetiki zilizoko ukutani mwake, na shinikizo la damu likashuka. Matumaini yalikuwa makubwa mno. Mwaka 2014 utafiti wa Marekani wenye wagonjwa 535, ambamo baadhi yao walipitishiwa mrija bila ya kuunguzwa chochote, haukuona tofauti ya maana baina ya makundi hayo mawili. Wengi waliitangazia njia hiyo kifo. Wengine walihoji kama neva zilikuwa zimeunguzwa kweli, kwa kuwa madaktari wengi walioshiriki walikuwa wageni wa kazi hiyo. Mitambo ikarekebishwa, majaribio yakarudiwa kwa uangalifu zaidi, na mwezi wa Novemba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mitambo miwili ya aina hiyo, kwa wagonjwa ambao vidonge na mwenendo mwema wa maisha havijawatosha. Upunguo wa shinikizo ni wa wastani, wala hauko karibu na ule aliousimulia Smithwick.

Tatizo lililowasumbua mwaka 2014 bado halijapatiwa ufumbuzi wa kuaminika: mgonjwa akiwa bado mezani, daktari hana kipimo cha kawaida cha kumhakikishia kwamba neva imekatika. Bernard, katika chumba chake cha unyevu, alihitaji kuligusa sikio tu.